Kabla ya kuuliza programu ipi ni nzuri, tuulize imepita mikononi mwa nani

Mwalimu_Tororo

Ndugu zangu, nimeanzisha uzi huu kwa sababu swali tunaloulizana kila mara, yaani programu ipi inafaa kwa kazi fulani, hujibiwa kwa majina tu, na jina peke yake halimlindi mtu. Mtu anaambiwa atumie VLC kwa video, 7-Zip kwa faili zilizobanwa, LibreOffice kwa barua na hesabu, Firefox kwa kuvinjari intaneti. Anakubali, kisha anakwenda kuzichukua popote anapozikuta: kwenye flashi ya fundi, kwenye kompyuta ya jirani, au kwenye tangazo la kwanza lililotokea alipotafuta. Jina ni lilelile, lakini kilichoingia kwenye kompyuta yake kinaweza kuwa kitu kingine kabisa. Rai yangu ni kwamba njia ambayo programu imepitia hadi kutufikia ina uzito kuliko sifa zake, kuliko bei yake, na hata kuliko nchi ilikotengenezwa.

Tuanze na lililo karibu nasi. Hapa Uganda, iwe Kampala, Mbale au Arua, kompyuta iliyotumika aghalabu huuzwa ikiwa imekwisha kujazwa kila kitu: Windows, Office, Photoshop, CorelDRAW, na antivirusi juu yake. Mnunuzi hufurahi kwa kuwa hakulipia leseni hata moja. Lakini fungueni ile folda ambayo hubaki kwenye diski baada ya kazi, msome kilichomo. Mara nyingi mtakuta faili ndogo ya maandishi yenye maagizo, na maagizo hayo hufanana kila mahali: kata intaneti, zima antivirusi, endesha faili hii kama msimamizi, kisha uwashe kompyuta upya. Anayefuata maagizo hayo amemkabidhi mtu asiyemjua kompyuta nzima, kwa maana msimamizi ana ruhusa ya kubadili chochote ndani ya mfumo, na mlinzi pekee aliyeweza kupiga kelele amekwisha kunyamazishwa kwa mkono wa mwenye mali.

Kinachowafanya watu waamini ni kwamba kazi iliyoahidiwa hufanyika kweli. Microsoft huziruhusu taasisi kubwa kuweka seva yao wenyewe ya kuthibitisha leseni, na kompyuta za taasisi huthibitishwa kwa siku 180, ambapo ni lazima ziwe zimeomba upya kabla muda huo haujaisha. Programu ya kuvunja leseni hujifanya seva hiyo ndani ya kompyuta ileile. Windows inaridhika, na ule ujumbe wa kudai leseni unatoweka. Mtumiaji anaona matokeo, anashukuru, wala haulizi ni nini kingine kilichoingia kwa mlango huo. Mwezi Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi kisakinishi bandia cha KMSPico, mojawapo ya programu hizo, kilivyobeba Cryptbot, ambayo kazi yake ni kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari pamoja na pochi za sarafu za kidijitali. Mwathirika wa jambo kama hilo haoni kompyuta ikizorota. Anaendelea kuandika barua zake kama kawaida, huku nywila ya barua pepe yake iko mikononi mwa watu wengine.

Njia ya pili yenye hatari ni matangazo ya kwenye injini za utafutaji. Mtu anaandika jina la programu, na juu kabisa ya matokeo linakaa tangazo linalofanana na tovuti halisi kwa rangi na nembo, ila anwani yake imeongezwa neno au herufi moja. Desemba 2022 shirika la FBI la Marekani lilitoa onyo kwa umma kuhusu wahalifu wanaonunua matangazo ya namna hiyo. Dawa yake ni kuzijua anwani zenyewe: VLC hutoka videolan.org, 7-Zip hutoka 7-zip.org, LibreOffice hutoka libreoffice.org. Ziandikeni mahali, mzichape wenyewe kwenye kivinjari.

Njia ya tatu inatuhusu sisi Waganda kwa namna ya pekee. Julai 2018 ilipoanza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na tena Januari 2021 Facebook ilipofungwa wakati wa uchaguzi, watu wengi sana walikimbilia VPN za bure, yaani programu zinazopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mtu mwingine ili kukwepa kizuizi. Sitawalaumu, kwa sababu haja ilikuwa ya kweli: biashara, familia zilizo mbali, habari. Lakini VPN haiondoi macho yanayotazama mawasiliano yako, inayahamisha tu. Yale ambayo kampuni ya mtandao ingeyaona, sasa anayaona mwenye VPN, naye huenda hana ofisi wala jina unaloweza kulitaja mbele ya sheria. Facebook yenyewe ilinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013, na programu yake ya VPN, iliyotangazwa kama kinga, ilikuwa inakusanya taarifa za programu nyingine ambazo watumiaji walizifungua kwenye simu zao. Iliondolewa katika duka la Apple mwaka 2018. Mwaka 2015 ilibainika pia kwamba Hola, VPN ya bure iliyopendwa mno, ilikuwa inauza njia ya intaneti ya watumiaji wake kwa wateja wengine, kiasi kwamba shughuli za mgeni zingeweza kuonekana zimetoka nyumbani kwako.

Sasa najua jibu litakalokuja: data ni ghali, na mtu wa Moroto au Bundibugyo hawezi kupakua megabaiti mia tatu na zaidi kwa ajili ya LibreOffice wakati jirani yake anayo kwenye flashi. Nakubali, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu flashi haina kosa lolote ikiwa tunaweza kukihakiki kilichomo. Watengenezaji makini huchapisha, kando ya kila kisakinishi, namba ya uhakiki ya SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64. Namba hiyo hukokotolewa kutoka kwenye faili nzima. Ikibadilishwa hata baiti moja ndani ya faili, namba inayopatikana ni tofauti kabisa. Kwa hiyo faili kubwa na isafiri kwa flashi, na ile namba ndogo, isiyokula data ya kutajika, isomwe kwa simu kutoka tovuti rasmi. Kwenye Windows hakuna cha kuongeza: fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda yenye kisakinishi, andika certutil -hashfile, acha nafasi, andika jina la faili, acha nafasi, andika SHA256, kisha bonyeza Enter. Linganisha namba mbili hizo mwanzo hadi mwisho, usiishie kwenye herufi nne za kwanza. Zikilingana, haijalishi tena flashi ilipita kwa nani. Zisipolingana, futa faili hiyo, hata kama aliyekupa ni ndugu yako wa damu, kwa sababu naye aliipata kwa mtu.

Fundi_Arua

Mwalimu, salaam. Nimesoma yote, na kwa kuwa mimi ndimi mmoja wa hao wenye flashi, naomba nijibu kwa heshima.

Kwanza, mteja hufika na shilingi alizonazo. Nikimwambia bei ya leseni ya Windows pamoja na Office, huondoka akaenda kwa fundi wa pili, ambaye hatamwambia neno. Wengi wetu tungependa kufanya kazi safi, lakini duka lina kodi ya pango.

Pili, mlango rasmi nao umewahi kuingiza mwizi. Tarehe 15 Agosti 2017 CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, toleo la 5.33 lilitolewa kwenye tovuti ya wenyewe, likiwa na saini halali ya kidijitali, na ndani yake mlikuwa na programu hasidi iliyopachikwa na wadukuzi. Kompyuta takriban milioni 2.27 zililipata toleo hilo kabla halijagunduliwa mwezi uliofuata. Aliyefuata ushauri wako siku hizo, na namba akailinganisha, angeona kila kitu kiko sawa.

Tatu ni masasisho. Wateja wangu wananiomba niyazime, kwa sababu yanamaliza data kwa siku moja, na umeme ukikatika katikati ya sasisho kompyuta inaweza kukataa kuwaka. Nawazimia. Ungenishauri nini?

Mwalimu_Tororo

Kaka Fundi, ahsante kwa kusema wazi, na habari ya CCleaner ni ya kweli kama ulivyoieleza. Naiongezea nyingine iliyo nzito zaidi. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuifikia kompyuta kwa mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia, akagundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana faili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux, mfumo wa bure unaoweza kuendesha kompyuta badala ya Windows. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ameshiriki katika mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili, akisaidia kwa upole hadi akaaminiwa kutoa matoleo, ndipo akauweka mlango huo katika toleo la 5.6.0 na la 5.6.1. Kwa hiyo sisemi kwamba njia rasmi haipitishi uovu.

Tofauti ninayoiona ni hii. Katika visa vyote viwili palikuwa na namba ya toleo, tarehe, na watu wa kuulizwa. Habari ilipotoka, kila mtumiaji aliweza kuangalia toleo lake akajua kama amepatikana au amenusurika, na siku hiyohiyo akapata toleo safi. Kilichomo kwenye flashi isiyo na asili hakina toleo ambalo yeyote atalijibia. Kikigunduliwa kuwa kibaya, hakuna wa kukupigia simu, na fundi mwenyewe hajui amekigawa kwenye kompyuta ngapi.

Kisa cha CCleaner kinanifundisha pia kupunguza. Kazi ambayo watu wengi waliiwekea programu hiyo, yaani kufuta takataka za mfumo, Windows inaifanya yenyewe bila mgeni. Hali ni hiyo kwa antivirusi. Defender, antivirusi ya Microsoft yenyewe, imo ndani ya Windows 10 na 11, na kwa mtu wa kawaida asiyeizima inatosha. Antivirusi ya bure huona kila faili na kila ukurasa unaofunguliwa, basi mtu ajiulize inaishi kwa pesa za nani. Avast ilikuwa nayo kampuni tanzu iliyoitwa Jumpshot, ambayo iliuza taarifa za kurasa walizotembelea watumiaji. Waandishi wa habari walilifichua jambo hilo Januari 2020, kampuni tanzu ikafungwa, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Bure si dalili ya hila, maana VLC nayo ni ya bure: ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris, leo inasimamiwa na shirika lisilo la faida la VideoLAN, na haina matangazo wala haipelelezi. Tunachopaswa kukijua ni bure hiyo inalipiwa na nani.

Kuhusu masasisho, nakusihi usiyazime kabisa. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilipoenea duniani ikifunga faili za watu na kudai fidia, Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa sasisho la kuziba tundu la Windows ililopitia tangu Machi. Katika mipangilio ya mtandao ya Windows kuna sehemu ya kuutangaza muunganisho kuwa unalipiwa kwa kipimo. Ukiiwasha, masasisho makubwa hayapakuliwi hovyo, na mteja anaweza kuja dukani kwako mara moja kwa mwezi ukayapakua kwa Wi-Fi yako, betri ikiwa imejaa, umtoze ada ndogo. Hiyo nayo ni kazi, na inakupa mteja anayerudi.

Mhasibu_Mbale

Mwalimu, na wewe kaka Fundi, mimi ni mhasibu wa SACCO, na wasiwasi wangu uko upande mwingine. Tulinunua programu ya hesabu kutoka kwa kijana mmoja aliyeiandika mwenyewe. Njia ilikuwa safi kwa kipimo chako, kwani aliileta kwa mkono wake na tulimjua kwao. Ilifanya kazi vizuri hadi alipohama na simu yake ikawa haipatikani. Baada ya muda programu ilianza kudai ufunguo mpya, na salio za wanachama wote zikabaki ndani, zikionekana kwenye skrini lakini haziwezi kutolewa isipokuwa kwa kuzinakili mstari kwa mstari kwenye daftari. Tulifanya hivyo, watu watatu, usiku na mchana.

Kwa hiyo naomba pamoja na kuuliza programu imetoka wapi, tuulize data zangu zitatokaje. Siku hizi, kabla ya kulipa, ninamwambia muuzaji afungue programu mbele yangu, aandike wanachama watano wa uongo, kisha azitoe taarifa zao zote katika faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu linalosomwa na programu nyingi, nami nizifungue kwenye LibreOffice Calc. Asiyeweza kufanya hivyo namshukuru na kuagana naye.

Tena tusisahau kwamba sheria inatugusa. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde ipasavyo, na zikivuja awajulishe wenye mamlaka. Kompyuta yenye namba za vitambulisho za wanachama, ikiendeshwa kwa Windows iliyovunjwa leseni, ningejitetea vipi?

Naomba mnisaidie jambo moja: je, nywila nizihifadhi kwenye kivinjari au kwenye programu maalumu?

Mwalimu_Tororo

Dada Mhasibu, hoja yako ya data kutoka ni kubwa, na ilipaswa kuwamo katika andiko langu la kwanza. Ndiyo maana kwa nyaraka za kudumu napendelea ODF, muundo wa faili ambao LibreOffice huutumia, nao ni kiwango cha shirika la viwango la kimataifa, ISO, tangu 2006. Programu moja ikifa, nyingine itazisoma.

Kwa nywila, kwa kompyuta moja ya ofisini ningechagua KeePass au KeePassXC, ambazo huziweka nywila zote katika faili moja iliyofungwa kwa usimbaji, na faili hiyo inabaki kwako. Weka nakala kwenye flashi inayofungiwa kabatini. Huduma za mtandaoni ni rahisi zaidi, lakini mwaka 2022 wadukuzi waliondoka na nakala za hazina za nywila za wateja wa LastPass, na humo anwani za tovuti hazikuwa zimesimbwa. Waliokuwa na nywila kuu dhaifu ndio waliokuwa hatarini zaidi. Kuziacha kwenye kivinjari kisicho na nywila kuu, kwenye mashine inayotumiwa na watu kadhaa, ndiko nisikokushauri kamwe.

Mchapaji_Kampala

Salaam wakubwa. Niko Nasser Road, kwenye uchapaji, na nitaongeza dogo. Wateja wanaoogopa kuacha Office ya wizi husema wachapaji tutazikataa faili zao. Hatuzikatai. Tuleteeni PDF iliyobeba fonti ndani yake, na sisi hatutajua wala hatutajali kama imetoka Word au LibreOffice. Kinachotutesa ni faili ya kawaida iliyoandikwa kwa fonti tusiyokuwa nayo: mistari inahama, na ile ŋ ya Luganda inageuka kisanduku kitupu kwenye kadi ya arusi ambayo tayari imechapwa. Ila msanifu anayeishi kwa CorelDRAW sitamdanganya kwamba Inkscape, programu ya bure ya usanifu, itampa kila kitu. Kwa kadi na nembo inatosha, kwa rangi za mashine kubwa bado kuna kazi.

Fundi_Arua

Nimewaelewa. Nitaanza na LibreOffice, VLC na 7-Zip, nizipakue mwenyewe kutoka kwenye anwani zile, na kwa kila kisakinishi niandike toleo, tarehe na namba ya uhakiki kwenye karatasi itakayobandikwa ukutani, mteja aione akitaka. Swali langu la mwisho ni la Windows. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi ninazoletewa ni za zamani, hazina TPM 2.0, kile kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, kwa hiyo Windows 11 inazikataa. Nikimpa mteja Linux Mint, je, nayo naihakiki vivyo hivyo?

Mwalimu_Tororo

Ndiyo, ila kwa hatua moja ya ziada. Februari 2016 tovuti ya Linux Mint yenyewe ilidukuliwa, na kiungo cha kupakulia toleo la 17.3 Cinnamon kikaelekezwa kwenye nakala iliyopandikizwa mlango wa siri. Mtu anayeweza kubadili kiungo kwenye tovuti anaweza kubadili pia namba ya uhakiki iliyo kando yake. Kwa sababu hiyo faili ya namba za Mint hutiwa saini kwa ufunguo wa GPG, programu ya saini za kidijitali, walionao watengenezaji pekee, na maelezo ya kuihakiki saini hiyo yamo kwenye mwongozo wao wa usakinishaji. Ni kazi ya mara moja kwa kila toleo. Ukishaihakiki faili moja ya ISO, yaani faili nzima ya kusakinishia mfumo, unaweza kuitumia kwa wateja wako wote hadi toleo jingine litoke.

Kwa wale wasioweza kuiacha Windows 10, Microsoft ilitoa mpango wa masasisho ya usalama ya nyongeza kwa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Hiyo ni nafasi ya kujipanga.

Na kabla hujamfutia mteja chochote, iwashe Mint moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, ujaribu Wi-Fi, sauti na hasa printa. Printa nyingi za HP hukubali bila shida. Canon LBP2900, ambayo imejaa kwenye ofisi zetu, hutumia lugha yake ya CAPT na kwenye Linux husumbua mno, kwa hiyo mwenye printa hiyo mwambie mapema, kabla diski haijaguswa.